Mgeni katika Lugha Yake: Kuhama Uhandisi na Kuingia Idara ya Kiswahili

Utangulizi

Kila unapoanza mwaka wa masomo, idara za Kiswahili katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki hupokea wanafunzi wa namna mbili. Wa kwanza, ambao ndio wengi, ni wale wanaoingia moja kwa moja kutoka shule za sekondari. Wa pili ni wachache, na aghalabu hawatambuliwi na mtu mpaka wajitambulishe wenyewe. Hawa ni wale ambao wamekwisha kuanza kusomea fani nyingine, wakakaa humo muhula mmoja au mwaka mzima, kisha wakaihama. Huketi nyuma ya ukumbi wa mihadhara, huwa wamewazidi wenzao umri kidogo, na hawana marafiki wa kuwaazima daftari.

Makala haya yanafuata hali ya mwanafunzi mmoja wa kundi hili la pili, binti wa Mji wa Kale wa Mombasa, aliyeacha uhandisi wa ujenzi katika chuo kikuu kimoja cha umma huko bara akaanza upya katika Idara ya Kiswahili. Jina lake halitajwi, kwani si jina lenye umuhimu hapa. Jambo linalostahili kuangaliwa ni kwamba ugumu mkubwa aliokutana nao haukuwa ule aliouogopa. Aliogopa kupotewa na mwaka, kukosa fedha na kusemwa na watu. Yote hayo yalimpata, lakini aliyastahimili. Kilichokaribia kumshinda ni kitu alichokuja nacho mwenyewe bila kujua, nacho ni dharau kwa somo lile lile alilokuwa amelikimbilia.

Mwaka wa uhandisi

Yafaa ielezwe tangu mwanzo kwamba binti huyu hakufeli. Hili ni la lazima kusemwa kwa sababu watu wengi, wakiwamo wasomi, hudhani kuwa mtu hatoki katika uhandisi au udaktari kuingia katika lugha ila awe ameshindwa. Alifaulu mitihani ya mihula yote miwili. Hisabati haikumtisha, na katika chumba cha michoro alikuwa mmoja wa wale ambao michoro yao ilibandikwa ukutani ili wenzao waiangalie. Alijua kukokotoa uzito unaobebwa na boriti, na alijua kwa nini nondo huwekwa upande wa chini wa boriti ya zege ambako mvuto ni mkubwa, kwani zege huhimili mgandamizo lakini haihimili kuvutwa.

Baba yake alikuwa fundi wa mitambo bandarini kwa muda mrefu. Katika miaka hiyo yote alifanya kazi kwa kufuata michoro iliyochorwa na watu wengine, na mara nyingi aliona makosa katika michoro hiyo asiwe na haki ya kuyasema. Alitaka mtoto wake awe miongoni mwa wanaochora. Ami yake binti alichangia karo. Majirani nao walichanga walichonacho siku ya kuagana, na tangu siku hiyo mtaani akaitwa Injinia, hata na watoto wadogo.

Lililomtoa katika uhandisi lilikuwa dogo na gumu kulieleza. Karibu na mwisho wa mwaka alitambua kuwa hakuwahi kutoka katika mhadhara hata mmoja akiwa na swali lake mwenyewe. Aliyajibu maswali ya wengine, akayajibu vizuri, kisha akayasahau. Jioni, alipopaswa kuwa anafanya mazoezi, alijikuta katika rafu za maktaba zenye tungo za Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840, akijiuliza kwa nini neno fulani lilitamkwa na nyanya yake vile vile lilivyoandikwa katika shairi, ilhali katika vitabu vya shule liliandikwa vingine. Hilo lilikuwa swali. Hakujua kwamba ni swali la kitaaluma, lakini alijua kwamba ni lake.

Swali la baba

Alimweleza baba yake wakati wa likizo ndefu, nyumbani, baada ya chakula cha usiku. Alikuwa ametayarisha hoja nyingi. Alikuwa tayari kujibu kuhusu karo, kuhusu kazi baada ya masomo, kuhusu mwaka uliopotea. Baba yake hakuuliza lolote katika hayo. Alinyamaza kitambo, kisha akasema:

“Kiswahili? Kwani wewe hukijui?”

Hayakuwa maneno ya hasira. Mzee aliuliza kwa mshangao wa kweli, kama mtu ambaye mwanawe amemwambia kwamba anakwenda chuoni kujifunza kutembea. Binti hakuwa na jibu. Alisema maneno kadhaa kuhusu fasihi na utafiti, lakini alisikia mwenyewe kuwa hayakufika. Baba yake hakumkataza. Alisema tu kwamba yeye amekwisha kuwa mtu mzima, na kwamba ami yake aambiwe na yeye mwenyewe, si na mtu mwingine.

Katika miezi iliyofuata binti alilichukia swali lile. Alilichukua kuwa ni swali la mtu asiyeelewa mambo ya chuo. Ilimchukua muda kutambua kwamba alilichukia kwa sababu nyingine, yaani kwamba yeye pia alikuwa akifikiri hivyo hivyo. Katika moyo wake alikuwa amekwisha kupiga hesabu kwamba, baada ya ugumu wa uhandisi, Kiswahili kitakuwa mteremko. Alizaliwa nacho na alifaulu vizuri sana katika mtihani wa taifa wa kidato cha nne. Kwa hiyo alitarajia kuingia katika idara kama mtu anayerudi nyumbani, si kama mgeni anayebisha hodi.

Muda usio na kengele

Taratibu za kuhama zilikuwa nyingi, ingawa hazikuwa ngumu. Fomu ilihitaji saini za wakuu wa vitivo viwili. Mmoja alitia saini bila kuinua kichwa, na wa pili alimwuliza kama ana hakika. Katika bweni aliendelea kulala chumba kimoja na wanafunzi wa uhandisi, kwa kuwa vitanda vilikuwa vimekwisha kugawiwa. Hivyo kila asubuhi aliwaona wenzake wakiondoka mapema na rula zao ndefu, naye akabaki kitandani, kwani mhadhara wake wa kwanza ulikuwa saa nne.

Hapa ndipo alipokosea kwa mara ya kwanza. Wiki ya mwanafunzi wa uhandisi hujazwa na watu wengine: mihadhara asubuhi, maabara mchana, michoro mpaka jioni. Hata asiye na bidii huburutwa na ratiba. Wiki ya mwanafunzi wa lugha na fasihi ina saa chache za mihadhara, na nafasi iliyobaki ni ya kusoma. Lakini nafasi hiyo haina kengele wala msimamizi. Binti huyu aliiona ikiwa tupu, akadhani ni mapumziko. Alilala mchana, akawapikia wenzake jioni, akajiona mwenye bahati. Vitabu vilivyotajwa katika muhtasari wa kozi alivihesabu kuwa vya ziada, kama vile katika uhandisi kitabu kilivyokuwa cha ziada kwa mtu aliyekwisha kuielewa kanuni.

Tofauti ya pili ilikuwa katika namna ya maswali. Alizoea maswali ambayo majibu yake yamechapishwa nyuma ya kitabu. Mtu alikokotoa, akafungua kurasa za mwisho, akajua kama amepata au amekosa. Katika semina za fasihi alimsubiri mhadhiri atoe jibu mwishoni mwa saa, na mhadhiri akaondoka bila kulitoa. Mwanzoni alidhani kwamba mhadhiri hakujiandaa. Baadaye alidhani kwamba katika fani hii kila jibu ni sawa, na kwa hiyo hakuna haja ya kujisumbua. Dhana hii ya pili ilimdhuru zaidi kuliko ile ya kwanza, kwa maana iliungana na dharau aliyokuwa nayo na kuipa sura ya hoja.

Aidha, kulikuwa na aibu. Wenzake wa zamani walimtania kwa kumwita mwalimu wa ngeli, naye akacheka pamoja nao. Katika basi la kurudi Mombasa, abiria wa kiti cha pili alimwuliza anasomea nini, akajibu kuwa ni uhandisi. Aliusema uongo huo mara mbili katika safari mbili tofauti, kwa watu asiowajua na ambao hakuwa na sababu ya kuwaogopa. Mtaani waliendelea kumwita Injinia, naye akaendelea kuitika.

Paa na paa

Matokeo ya jaribio la kwanza la fonolojia yalipotolewa, alikuwa amepata alama za chini kuliko zote alizowahi kupata katika maisha yake ya masomo. Hakuwa peke yake, lakini wale wengine walikuwa hawajasema kwamba somo hilo ni jepesi. Alikwenda ofisini kwa mhadhiri akiwa na karatasi yake, akidhani kuwa kuna kosa la kujumlisha.

Mhadhiri hakubishana naye. Alimwuliza anatoka wapi, akajibu kuwa ni Mombasa, Mji wa Kale. Akamtaka atamke neno paa, kwa maana ya mnyama. Akatamka. Akamtaka atamke tena paa, kwa maana ya paa la nyumba. Akatamka. Mhadhiri akamwuliza kama maneno hayo mawili yanatamkwa sawa. Binti akasema ndiyo, yanatamkwa sawa, kwani yanaandikwa sawa.

Basi mhadhiri akakata ukanda mwembamba wa karatasi, akampa aushike mbele ya midomo yake, akamwambia ayarudie. Alipotaja mnyama, karatasi iliruka. Alipotaja paa la nyumba, karatasi ilitulia. Alirudia mara tatu, mara nne, akijitahidi kuyasawazisha, lakini karatasi ilikataa. Akaambiwa ajaribu kaa wa baharini na kaa la moto. Ikawa vivyo hivyo: yule wa baharini aliirusha karatasi, na lile la moto halikuirusha.

Maelezo aliyopewa ni yale yanayofahamika na wanaisimu wa Kiswahili, lakini yeye aliyasikia siku hiyo kwa mara ya kwanza kama jambo linalomhusu. Paa mnyama ni wa ngeli ambayo zamani nomino zake zilitanguliwa na nazali. Mbele ya konsonanti ghuna nazali hiyo imebaki, kama ilivyo katika mbuzi na ndizi. Mbele ya vipasuo sighuna, yaani p, t na k, nazali imetoweka, lakini haikutoweka bila kuacha alama, kwani imeacha mpumuo. Paa la nyumba limo katika ngeli nyingine, ambayo haikuwa na nazali hiyo, na kwa hiyo halina mpumuo. Maandishi sanifu hayauonyeshi mpumuo huo, na wazungumzaji wengi wa bara hawana tofauti hiyo. Yeye alikuwa nayo. Alikuwa akiitamka kwa usahihi tangu utotoni, kila siku, bila kukosea hata mara moja, na hakuwahi kujua.

Mtu aliyetumia mwaka mzima kuchora mapaa ya nyumba hakujua kinachotokea kinywani mwake anapolitaja paa. Huko nyuma alikuwa ameacha uhandisi kwa kukosa swali. Hapa alikuta kwamba maswali yalikuwamo tele katika kinywa chake, na kwamba kilichomzuia kuyaona ni imani yake kuwa anakijua Kiswahili. Mhadhiri hakumwongezea alama. Alimpa orodha ya vitabu vitatu, akamwambia arudi baada ya wiki mbili.

Likizo iliyofuata alimshikisha nyanya yake ukanda wa karatasi. Bi kizee alicheka sana, akauliza kama hiyo ndiyo kazi wanayoifanya huko chuoni. Lakini alikubali, na karatasi yake iliruka na kutulia pale pale ilipotakiwa. Kisha akawa yeye ndiye anayetaka kujaribu maneno mengine, na jioni nzima ikaisha hivyo.

Sanifu na lahaja

Haifai kudhaniwa kwamba tangu siku hiyo mambo yalinyooka. Palikuwa na jambo la pili lililomwumiza, nalo lilihusu lahaja. Katika insha zake za mwanzo aliandika, pasipo kukusudia, maneno ya Kimvita ambayo nyumbani ni ya kawaida. Ndia ilisahihishwa kuwa njia, mato yakasahihishwa kuwa macho, na yuwaja ikawa anakuja. Wino mwekundu ulimkera zaidi kuliko alama. Aliona kuwa nyanya yake, ambaye hakuwahi kuketi katika darasa, anasahihishwa na watu waliojifunza Kiswahili shuleni.

Ni kweli kwamba lahaja ya Kiunguja ndiyo iliyochaguliwa kuwa msingi wa usanifishaji. Uamuzi huo ulipitishwa katika mkutano wa mwaka 1928, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Lililomshtua binti huyu ni kusoma kuwa mkutano huo wa mwaka 1928 ulifanyika Mombasa, katika mji wa Kimvita wenyewe. Kwa wiki kadhaa alikuwa na ghadhabu, na ghadhabu ilimfaa kwa kuwa ilimpeleka maktaba kila jioni.

Huko maktaba alikuta mambo mawili. La kwanza ni kwamba tofauti alizoziona kuwa makosa yake zina utaratibu. Pale ambapo Kiunguja kina ch, mara nyingi Kimvita kina t, kama katika macho na mato, au nchi na nti. Pale ambapo Kiunguja kina nj, Kimvita huwa na nd, kama katika njia na ndia, au njoo na ndoo. Alizipanga katika jedwali kwa mkono ule ule uliozoea majedwali ya uzito na mgandamizo. La pili ni kwamba Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, diwani iliyochapishwa mwaka 1973 na ambayo mashairi yake yalitungwa kifungoni baina ya mwaka 1969 na 1972, imeandikwa kwa Kimvita, na haikupungukiwa na heshima kwa sababu hiyo. Mwaka 1974 ilipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta.

Basi alijifunza kukaa na mambo mawili kwa pamoja. Aliandika insha zake kwa Kiswahili sanifu, kwa kuwa ndicho chombo cha mawasiliano ya kitaaluma, na aliacha kuona haya kwa Kimvita, kwa kuwa ndicho alichokuwa akikichunguza. Aliyekuja akidhani kuwa katika fani hii kila jibu ni sawa, sasa aliweza kuona kwa nini jibu moja lina ushahidi na jingine halina.

Kuhesabu mbao

Katika mwaka wa mwisho alitakiwa kuandika tasnifu fupi. Alichagua Sambo ya Kiwandeo, utenzi wa Ahmed Sheikh Nabhany uliochapishwa Leiden mwaka 1979, unaoeleza jinsi chombo cha Lamu kinavyoundwa. Uchaguzi huu ulimpendeza kila mtu, naye mwenyewe zaidi. Ulionekana kuwa daraja kati ya fani aliyoiacha na fani aliyoiingia, na ulimpa jambo la kumwambia baba yake.

Rasimu ya kwanza ilikuwa orodha. Alikusanya maneno ya uundaji wa vyombo, akayapanga kwa sehemu za chombo, akachora mchoro wenye vipimo, na kila sehemu akaiwekea jina lake. Msimamizi wake aliisifu michoro, kisha akaandika pembeni kwamba mwanafunzi amehesabu mbao lakini bado hajaingia chomboni. Alimwuliza kwa nini mtunzi alichagua kuyahifadhi maarifa hayo katika utenzi badala ya kuyaandika kwa nathari, na vina na mizani vinamfanyia nini mtu anayetaka kukumbuka. Haya hayakuwa maswali ya uhandisi, na mchoro haukuweza kuyajibu.

Hapa yafaa kutaja jambo ambalo husemwa kwa wepesi mno, kwamba hakuna elimu inayopotea, na kwamba kila kilichosomwa kitatumika mahali fulani. Kwa binti huyu sehemu kubwa ya alichokisoma katika mwaka wa uhandisi haikutumika mahali popote. Kanuni za mtiririko wa maji alizisahau. Mwaka ulipotea, na fedha za ami hazikurudi. Yaliyomfaa yalikuwa machache: uvumilivu wa kupanga data, na mazoea ya kutosadiki jambo mpaka lipimwe. Na hata haya yalimfaa baada tu ya kukubali kuwa hayatoshi. Mwanafunzi anayehama fani akiambiwa kwamba hajapoteza kitu, hunyimwa nafasi ya kuomboleza alichokipoteza, naye huendelea kukitafuta katika fani mpya, mahali ambapo hakimo.

Rasimu ya mwisho alimsomea baba yake baadhi ya sehemu zake. Mzee alisikiliza kimya mpaka alipofika kwenye majina ya sehemu za chombo. Mkuku, mataruma na foromali aliyajua. Mengine hakuyajua, akataka yarudiwe. Akasema kwamba vijana wa bandarini leo hawayajui hata haya matatu. Kisha akauliza kama kuna mtu mwingine anayeyaandika. Hilo lilikuwa swali la kwanza alilouliza kuhusu masomo ya mwanawe tangu usiku ule wa likizo. Hata hivyo, mpaka leo akiwaeleza wageni habari za binti yake, huanza kwa kusema kwamba alikuwa akisomea uhandisi.

Wahamaji mashuhuri na wasiojulikana

Wanafunzi wa namna hii hupewa moyo kwa kutajiwa watu mashuhuri waliowatangulia. Mfano unaotajwa sana katika Afrika ni wa Chinua Achebe. Aliingia Chuo Kikuu cha Ibadan mwaka 1948 kusomea udaktari, na baada ya mwaka mmoja akahamia masomo ya Kiingereza, historia na dini. Kwa kuhama huko alipoteza ufadhili wake, na kaka yake akajinyima ili aendelee na masomo. Wasomaji wa Kiswahili wanaifahamu riwaya yake ya kwanza kwa jina la Shujaa Okonkwo.

Mfano huu ni wa kweli, lakini una upungufu wake. Unasimuliwa na watu wanaojua ulivyokwisha. Mwanafunzi aliye katika muhula wake wa kwanza wa fani mpya hajui mwisho wake, na kwa uwezekano mkubwa hatakuwa Achebe. Kitu anachohitaji si ahadi ya umaarufu. Anahitaji mtu wa kumwambia kwamba saa tupu katika ratiba si mapumziko, kwamba swali lisilo na jibu nyuma ya kitabu bado lina njia ya kulikaribia, na kwamba kuijua lugha kwa kuisema ni jambo moja na kuijua kwa kuichunguza ni jambo jingine.

Hitimisho

Kwa idara za Kiswahili, suala hili linavuka mipaka ya ushauri nasaha. Tangu mwaka 2010 Katiba ya Kenya imekipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi pamoja na Kiingereza, mbali na kuwa lugha ya taifa. Mwaka 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Hadhi hizi ni muhimu, lakini hazijalijibu swali la yule mzee wa bandarini, ambalo huulizwa na wazazi wengi, na ambalo baadhi ya wanafunzi huingia nalo darasani bila kulitamka. Mwanafunzi anayeamini kwamba anakijua tayari atauona usomaji kuwa adhabu, na alama za chini kuwa dhuluma. Haisaidii kumkemea kwa dharau yake. Inasaidia kumwonyesha mapema, katika wiki za kwanza, jambo moja analolifanya kila siku katika lugha yake bila kulijua.

Binti huyu alimaliza shahada yake ya kwanza na sasa anaendelea na uzamili. Katika safari moja ya kurudi nyumbani, abiria wa kiti cha pili, mama wa makamo aliyekuwa akienda kumwona mjukuu wake Likoni, alimwuliza anasomea nini. Akajibu kuwa ni Kiswahili.

“Mwanangu,” mama yule akasema, “kwani hukijui?”

Binti akatoa tiketi yake ya basi mfukoni, akampa, akamwomba aishike mbele ya midomo yake.